Kiatu Kilichopanda Ndege

Wiki iliyopita tulifungua sanduku la Papa, baba yangu. Lilikuwa limekaa mwaka mzima tangu tumzike, kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na mimi si mtu wa kuanza. Ni sanduku la bati la rangi ya kijani, na kufuli lake lilikwisha kuliwa na kutu. Numbi, tuliyelelewa pamoja, ndiye aliyeinua kifuniko. Kabla sijaona kitu nilipigwa na harufu ya mafuta ya ndege. Si yale ya magari. Ya ndege ni makali na mepesi, yana utamu fulani mwishoni, na mtu aliyekulia karibu na kiwanja cha ndege cha Buluo, hapa Likasi, haisahau harufu hiyo hata akizeeka. Ilikuwa imo bado katika koti lake la kazi.

Chini ya koti, ndani ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na kiatu. Kimoja tu. Kiatu cha mtoto wa kike, cheupe hapo zamani, na ubavuni kina mkunjo ulionyooka kana kwamba kilibanwa na mlango. Kilibanwa na mlango kweli. Mimi nina watoto wanne, na mvi ninazozificha kwa kitambaa, lakini neno la kwanza lililonijia mbele ya vitu vya marehemu lilikuwa hili: hicho ni changu.

Wivu hauzeeki. Mwili ndio unaozeeka, na ninyi wa rika langu mnajua ninachosema.

Papa alikuwa mtunza kiwanja. Alifyeka nyasi, alifukuza mbuzi wasilale kwenye njia ya ndege, alimimina mafuta kutoka kwenye mapipa huku akiyachuja kwa kipande cha ngozi laini, na aliongea na marubani kwa fonia, ile redio ya kusemea iliyokaa juu ya meza yake na betri ya gari chini. Ndege zilikuwa chache. Moja tu ndiyo tuliyoiita yetu: ndege ya dawa, ndogo, ya injini moja, iliyopeleka dawa na wauguzi kwenye vituo vya mbali. Rubani wake tulimwita Komanda Mwila. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye kutafuna karanga muda wote, na alipokanyaga bawa kushuka, watoto wote tulinyamaza.

Siku ya komunyo yangu ya kwanza Komanda alikula kwetu. Alinitazama nilivyovaa gauni jeupe na viatu vyeupe vyenye mkanda, akamwambia Papa, "Huyu mutoto, mvua ikiisha, nitamupandishako. Aone Likasi ya juu."

Nilitangaza mtaa mzima. Nilimwambia hata mama wa mikate, ambaye hakuniuliza. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na mimi maji yale nilikuwa nimekwisha kuyaogea kabla hayajatoka kisimani.

Kisha Numbi akaja.

Numbi ni mtoto wa mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, aliyekuwa akikaa Kakontwe kule wanakovunja mawe ya chokaa. Mumewe alikwenda kuchimba madini porini, hakurudi. Mama mdogo alipofariki, Numbi aliletwa kwetu na mfuko mmoja wa nguo na kandambili zilizoshonwa kwa waya. Nilimzidi mwaka mmoja kwa umri, na kwa upana, niseme ukweli, miaka mitatu. Alimwita Papa "Papa mukubwa", jinsi inavyostahili kumwita mume wa dada mkubwa wa mama yako, na mimi aliniita Yaya.

Sikumchukia siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilimwonyesha choo, robine ya mtaa tunakochota maji, na mbwa wa jirani anayeuma. Nilianza siku ya tatu, Mama aliposema, "Ona Numbi, yeye hangoje kutumwa." Kweli hakungoja. Aliamka kabla ya jua, akafagia, akaosha sufuria, akawasha makaa kwenye mbabula, jiko letu la bati, na mimi nikiamka sikukuta hata kazi ya kunung'unikia. Jioni Papa akirudi ni Numbi aliyempokea baiskeli. Kuipokea baiskeli ile ilikuwa kazi yangu. Sikuipenda, na niliifanya kwa kuitwa mara tatu, lakini ilikuwa yangu.

Mvua ziliisha, nyasi zikakauka, na asubuhi ya safari ikafika. Mama alinisongea bukari, ugali wetu, tangu alfajiri, na samaki wakavu wa chumvi, ili nisisikie njaa huko juu. Nilikula nikaongeza. Numbi alikuja kunisindikiza tu, amebeba chupa yangu ya maji.

Sikujua kwamba ndege ndogo haipakiwi kama lori. Kila kinachoingia kinapimwa. Papa alikuwa na mizani ya kusimamia, ya chuma, na karatasi aliyoandika: boksi hili kilo ngapi, mtu huyu kilo ngapi. Komanda mwenyewe alipanda. Akapanda Masere, yule mtawa muuguzi aliyekuwa akisafiri naye, amefumba macho kwa aibu. Kisha mimi. Sindano ya mizani ikaenda, ikaenda, na Papa akaandika. Komanda akaitazama karatasi, akayatazama maboksi.

"Amepita kipimo," alisema. "Kilo tano, sita hivi."

"Toa viatu," Papa aliniambia.

Nikavua. Sindano ikajisogeza kidogo kwa uvivu. Nikavua sweta. Nikatoa pumzi yote tumboni nikabaki nimejikausha, nikiilaani ile bukari ya Mama tonge kwa tonge.

"Boksi moja haiwezi kubaki?" Papa aliuliza, na mpaka leo namshukuru kwa kuuliza.

"Ni sérum hiyo, Papa, dawa ya maji ya bagonjwa. Kule batu banangojea."

Hapo ndipo jicho la Komanda lilipomwangukia Numbi, aliyekuwa amesimama pembeni na chupa yangu. "Na huyu mudogo?"

Numbi akapanda mizani. Sindano karibu isimwone. Alikuwa na kilo za kuku watatu yule mtoto. Papa akafikiri, akakata jina langu kwa mstari mmoja, akaandika jingine. Kisha akaziona kandambili za waya.

"Hawezi kwenda kwa bamasere na hizi," alisema. "Numbi, vaa viatu vya yaya yako."

Viatu vilikuwa chini tayari, nimevivua kwa mkono wangu mwenyewe. Papa alichuchumaa, yeye mwenyewe, akamvisha Numbi, akafunga mkanda tundu la mwisho, na bado vilimpwaya.

"Yaya, minye sitaki," Numbi aliniambia kwa sauti ndogo. "Endako weye."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angefurahi ningemchukia kwa raha zangu. Nilimgeuzia mgongo. Injini ikawaka, mavumbi yakapanda, na moyoni nilisema neno moja: ianguke. Sikutaka Komanda afe, wala Masere. Nilikuwa mtoto, nilidhani ndege inaweza kumwangusha mmoja ikawaacha wengine.

Sikurudi nyumbani. Nilibaki ofisini kwa Papa, nimenuna, miguuni nimevaa kandambili za Numbi zilizonichoma kwa waya. Mchana ulikuwa mkavu, na moshi wa nyasi zilizochomwa ulijaa kila upande. Ndege ilikwishafika kule, ikashusha dawa, ikaondoka kurudi. Papa alikuwa akimenya viazi vitamu fonia ilipokohoa.

"Buluo, Buluo. Ni ndege ya dawa."

"Nakusikia, Komanda."

"Motere imezimika. Nimeijaribu mara mbili, haitaki. Niko upande wa ziwa Tshangalele, kusini ya maji, karibu na kijiji ya bavuvi. Naona shamba, nashuka mule. Tuko batatu. Andika."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya mtu anayetafuna karanga. Papa alivuta karatasi ya mizani iliyokuwa mezani, akaandika. Halafu kwenye fonia kukavuma upepo mkubwa, na ndani ya upepo tukasikia sauti ya Numbi ikipiga kelele: "Papa!"

Si Papa mukubwa. Papa.

Kisha fonia ikafa. Papa aliiinamia, akaishika kwa mikono miwili, akaiambia, "Niko hapa, mutoto yangu. Niko hapa." Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Mtu mwingine angewaambia aliingiwa na hofu. Hofu ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa kwamba amemwita baba yangu Papa, na baba yangu ameitikia. Nilikaa pale, na viazi vikapoa bila kuliwa.

Kesho yake gari la samaki kutoka ziwani lilimshusha Numbi mbele ya nyumba yetu. Masere alikuwa ndani, mfupa wa bega umevunjika, wakampeleka moja kwa moja hospitali ya Lubumbashi. Komanda alibaki kuilinda ndege, na Papa alikuwa amekwisha kuondoka na fundi kwenda kumsaidia, akapishana nao njiani. Numbi alinuka samaki wa moshi. Alikuwa na nundu kwenye paji la uso, mguu mmoja una kiatu changu, mguu mwingine umefungwa kipande cha kitenge.

Watu walijaa kama siku ya harusi. Kila mama alimshika Numbi kichwa, kila mtoto alitaka kuigusa ile nundu. Mama alichinja kuku, na paja, paja ambalo katika nyumba yetu lilikuwa la mtoto mkubwa tangu nijue kutafuna, likaenda kwa Numbi. Nikapewa shingo. Mnaocheka, chekeni, lakini nani hajawahi kuitazama sahani ya mwenzake?

Mchana ule tulikaa mkekani nyuma ya jiko tunachambua sombe, majani ya muhogo, na Numbi akanieleza yote. Injini ilipozima, alisema, hakukuwa na kelele tena, upepo tu, na Komanda akainamisha pua ya ndege ili isipoteze mwendo. Alitafuta moshi wa wavuvi wanaokausha samaki ili ajue upepo unatoka wapi. Aliacha shamba la kwanza kwa sababu lilikuwa na miti, akachagua la pili, la matuta ya viazi, na akashuka kwa kuyafuata matuta, kwa maana ukiyakatiza ndege inapinduka. Alifunga mafuta, akazima umeme wote. Ndege ile ilikuwa na mlango mmoja tu mbele, na ulikuwa upande wa Numbi. Wa nyuma ulikuwa umezibwa na maboksi matupu.

"Komanda alisema, Numbi, mulango ni ya kwako. Fungua komeo ya juu, fungua na ya chini. Weka kintu pale katikati, isifunge. Halafu lalia magoti yako."

"Na kiatu changu?" niliuliza.

"Njo nilikiweka pale."

"Uliweka kiatu changu mlangoni?"

"Hakukuwa kintu ingine, Yaya."

Sikusikia kingine. Mtoto amerudi kutoka kwa kifo na mimi nasikia kiatu.

Jioni nilikwenda robine na ndoo. Wenzangu wote walikuwa wakisema Numbi hivi, Numbi vile, Numbi ameshuka na ndege. Mmoja aliniuliza kama kweli mimi ni dada yake, kana kwamba hiyo sasa ndiyo sifa yangu. Nikaweka ndoo chini.

"Mnajua alifanya nini?" nilisema. "Alifungua mulango. Huko juu."

"Ndege iko juu?"

"Iko juu. Alitoa kiatu yangu, akaitia kwa mulango. Halafu ndege ikaanguka."

Sikutunga. Nilikata tu sentensi, nikaiacha sehemu ya Komanda nje. Nitajitetea kidogo: kwa akili yangu ya wakati ule ndege ilikuwa kama mpira. Ukiufungua, upepo unatoka, unashuka. Nani anafungua mlango wa kitu kilicho angani? Nusu nzima ya moyo wangu iliamini nimegundua jambo ambalo watu wazima hawakuliona. Nusu ya pili ilijua vizuri ninachofanya.

Ulimi hauna mfupa. Neno lilitoka robine likapita uani kwa watu, na jua lilipochomoza kesho yake lilikuwa limefika kwa Mama Esta. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenye chumba cha maombi uani kwake. Sisi tulikuwa Wakatoliki, lakini Mama alimheshimu, na hakuwa mtu mbaya. Papa alipougua malaria ni yeye aliyetuletea uji. Alikuja akaketi kwenye kigoda, akaushika mkono wa Mama, na akasema kwa upole, ule upole ambao mpaka leo ukinijia ngozi inanisisimka.

"Mama, mutoto mwenye kufungua mulango ya ndege huko juu, si yeye. Kuko kintu ndani yake. Ona: mama yake alikufa. Baba yake alipotea. Sasa ndege. Unangojea nini? Unangojea ifikie bwana yako?"

Dawa yake ilikuwa siku tatu za kufunga katika kile chumba. Bila chakula, bila maji, mpaka mtoto aseme mwenyewe kilichomo ndani yake. Sote tulijua maana yake. Tulikuwa na mwenzetu wa darasa aliyepitishwa humo. Alitoka hai, lakini mtoto akishaitwa mchawi hakuna nyumba inayomrudisha. Alikuwa akilala sokoni, chini ya meza za wauza unga, na tulipopita mama zetu walituvuta mkono.

Mama alilia. Halafu akamwita Numbi.

"Ulifungua mulango?"

"Ndiyo, Mama mukubwa. Ni Komanda alisema nifungue."

"Komanda! Komanda atasema mutoto afungue ndege?" Mama akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona yananiomba kitu. "Weye yaya yake. Alikuambia vile? Ni Komanda alisema?"

Numbi alinitazama. Hakuomba. Alinitazama tu, na ile nundu yake iliyokuwa imegeuka rangi.

"Sikumbuki," nilisema.

Mchana huo Mama alipakua chakula, na sahani ya Numbi akaiweka chini karibu na mlango, mbali na zetu. Ilibaki nyama kidogo ya yule kuku, paja la pili, na safari hii likaja kwangu. Nililila. Naliandika hapa nisije nikajisifu baadaye: nililila lote, na lilikuwa tamu. Uchungu ulianza baadaye, Numbi alipoosha vyombo vyote, akakipangusa kile kiatu kilichobaki kwa pindo la gauni, akakiweka kando ya mkeka wangu.

Mama Esta alisema atakuja kumchukua asubuhi. Na asubuhi alikuja, kitambaa cheupe kichwani, na wanawake wawili nyuma yake. Numbi alikuwa tayari amekwisha kufagia. Alisimama uani na ule mfuko wake wa nguo, ule ule aliokuja nao, maana alidhani harudi. Nilitaka kusema. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, maneno mawili tu, "Komanda alisema", na mdomo ukakataa. Nilijua nikisema wataniuliza mbona jana sikukumbuka.

Kengele ya baiskeli ndiyo iliyosema badala yangu. Papa aliingia uani akiisukuma, na nyuma yake Komanda Mwila, mkono umening'inizwa kwa kitambaa, ndevu hazijanyolewa siku tatu. Papa akauona mfuko mkononi mwa Numbi.

"Mutoto anaenda wapi?"

Mama Esta akajibu, kwa upole wake. Alieleza kuhusu mlango. Komanda alimsikiliza mpaka mwisho, akitafuna hewa kwa kukosa karanga. Halafu akamwomba Mama makopo mawili ya maziwa ya unga, yale ya zamani tuliyotunzia chumvi na sukari. Mama akayamwaga, akampa. Komanda akafunga kopo la kwanza vizuri, akalilaza chini, akalikanyaga kwa kiatu chake kizito mpaka likabonyea.

"Mama, fungua," alimwambia Mama Esta.

Mama Esta akajaribu. Akajaribu kwa kucha, akajaribu kwa kijiko. Kifuniko hakikutoka.

Komanda akachukua la pili. Akaegemeza kifuniko chake bila kukifunga, katikati akatia kijiti, akalikanyaga vile vile. Lilibonyea sawasawa na la kwanza, lakini kifuniko alikitoa kwa kidole kimoja.

"Ndege njo hii," alisema. "Ikipiga chini inajikunja. Kama mulango imefungwa, inabakia imefungwa. Mafuta ilikuwa inatiririka kwa miguu yetu, Mama. Minye mukono ulivunjika, Masere bega, mulango mwingine umezibwa. Nilimwambia huyu mutoto neno mara moja. Mara moja tu. Batu bakubwa nilisharukaga nao, unabaambia funga mukaba, banakuuliza juu ya nini." Akaingiza mkono usiovunjika kwenye mfuko wa koti la Papa, akatoa kiatu changu, kimekunjika ubavuni. "Tulitokea hapa. Batatu."

Wale wanawake wawili walikuwa wamekwisha kurudi nyuma hadi kwenye geti. Mama Esta alibaki na kopo lililobonyea mkononi, hajui aliweke wapi. Mama alikaa chini kwenye mavumbi, akamvuta Numbi, akamficha uso wake kwenye kitenge.

"Nani alisema huyu mutoto aliangusha ndege?" Papa aliuliza.

Nilihisi macho ya Mama yakinijia. Numbi akatoa uso kwenye kitenge.

"Ni batu ba kwa robine, Papa mukubwa," alisema. "Siwajui."

"Usiniite vile," Papa alimwambia. "Niite vile uliniita kwa fonia."

Ningepaswa kushukuru. Nilikuwa nimeokolewa sasa hivi na mtu niliyetaka kumwangamiza. Lakini kilichonipanda kifuani hakikuwa shukrani. Nilisogea nikanyoosha mkono. "Kiatu ni yangu," nilisema.

Papa alinitazama kwa muda mrefu. Sijui alijua nini. Alikirudisha kiatu kwenye koti lake, akaingia ndani, na hatukukizungumzia tena.

Ndege ya dawa haikurudi Buluo. Komanda alipata kazi mahali pengine. Mimi nimezeeka hapa hapa Likasi na sijapanda ndege hata moja. Kiatu changu kimepanda.

Wiki iliyopita, basi, Numbi alikuwa amekishika mapajani, anapitisha kidole kwenye ule mkunjo. Ana duka la nguo sasa, ana wajukuu wawili, na bado ni mwembamba, jambo ambalo pia silipendi. Nikaona nikinyamaza leo nitanyamaza mpaka kaburini.

"Numbi, ni minye nilisema kwa robine."

"Najua, Yaya. Nilikuwa nyuma yako na bidon ya maji."

"Juu ya nini hukusema? Papa alikuuliza!"

"Weye ulikuwa mutoto wa nyumba," alisema, bila hasira. "Minye ningesema, wangeniweka fasi gani? Nilikuwa na ile fasi moja tu." Halafu akacheka, akanigonga goti kwa kile kiatu. "Lakini viatu vyako vilikuwa vinapwaya! Kilitoka mara moja. Kingenitosha, na ule mukaba wake, tungekufia mule wote."

Alipokigonga, kipande cha karatasi kilichokunjwa kilianguka kutoka kwenye ncha ya ndani. Numbi akakifungua, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Miwani ameiacha dukani.

"Ni mwandiko ya Papa," alisema. "Nisomeeko."

Ilikuwa ile karatasi ya mizani. Juu kuna maboksi na kilo zake, na jina langu, limekatwa kwa mstari mmoja. Chini, kwa herufi zilizoandikwa haraka na kalamu iliyotoboa karatasi, alikuwa ameandika yale ya fonia. Tshangalele, kusini ya maji, shamba. Halafu majina. Nikayasoma kimoyomoyo, na la mwisho nikalirudia mara mbili.

Ningeweza kukata. Neno moja au mawili, nani angejua? Ningesoma majina matupu, Komanda, Masere, Numbi, na karatasi ningeitia mfukoni, na yeye angetosheka, kwa sababu amezoea kutosheka na kidogo.

"Yaya? Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa, Komanda," nilisema. "Masere." Nikaweka kidole chini ya jina la mwisho. "Mutoto yangu Numbi."

Akakibana kiatu kifuani kwa mikono miwili.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, na wivu ukanichoma vile vile kama siku ile, nikasoma mpaka mwisho.